Nilimshusha, Nikamlaza

Sheikha binti Matar alikuwa na Kiingereza chake na hakutaka mtu akiguse. Alikiokota mwenyewe London, kwenye mabasi, jikoni kwa watu na vyumbani mwa wagonjwa, na kwa kuwa hakukiazima kwa mtu hakuona sababu ya kukionea haya. Ukimsahihisha alikutazama juu mpaka chini, kisha akaendelea vilevile. Binti zake, waliozaliwa hukohuko, walishakata tamaa naye. Walimwambia kwa Kiingereza kuwa ana kichwa kigumu, naye aliwajibu kwa Kiswahili kuwa kichwa kigumu ni cha msichana anayefika umri wa kuolewa hajui kusema shikamoo.

Basi Kiingereza hicho alichokipenda ndicho kilichotaka kummaliza. Kilimpeleka rumande, kikamsimamisha kizimbani kwa kesi ya kuua, na nusura azeekee gerezani kwa maneno ya mdomo wake mwenyewe.

Alikuwa mtu wa Kikwajuni, mtaa wa Ng'ambo, Unguja, mwenye mikono ya nguvu na ulimi usiolala. Alifika Uingereza miaka ya tisini pamoja na mumewe. Mume baadaye akashika njia yake, yeye akabaki na watoto na nyumba ya kupanga Stratford. Akaingia kazi ya care, kuwalea wazee majumbani mwao, akaipenda kweli. Alisema kazi nyingine zote za mji ule unapishana na watu tu, hii ndiyo unakaa nao.

Kampuni yake ikampeleka Edmonton kwa bibi mmoja wa Kihindi aitwaye Bi Usha. Alionywa mapema: moyo mbovu, hasemi Kiingereza tena, na walezi wote amewafukuza. Sheikha alimkuta amelala amegeukia ukuta. Akaanza kutandika huku akizungumza peke yake kwa Kiswahili, akiyasema mapazia, akiisema baridi, akiisema kampuni. Mara sauti ikatoka kitandani.

"Nani kakufunza kukunja shuka vile? Mtu wa Ng'ambo wewe."

Shuka likamtoka mikononi. Bi Usha alikuwa mzaliwa wa Hurumzi, Mji Mkongwe. Aliondoka Unguja mwaka wa Mapinduzi na mumewe, na mtoto mchanga begani, na kile walichoweza kubeba. Sasa uzee ulikuwa umekirudisha Kiingereza chake kilikotoka, ukamwachia Kigujarati cha kusalia na Kiswahili cha kugombeza. Yule mtoto wa begani, Hemant, alikuwa mtu mzima na ofisi yake upande wa pili wa London. Kiswahili alikisikia chote, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akikitamka. Mama akisema naye kwa Kiswahili, yeye humjibu kwa Kiingereza, na kila mmoja huona mwenzake ndiye mkaidi.

Toka siku ile Sheikha na Bi Usha wakawa hawaishi kuchokozana. Huyu akisema watu wa Hurumzi hawakujua kupika urojo, yule akijibu kuwa watu wa Ng'ambo waliula tu, hawakuupika. Sheikha alisali pembeni ya chumba kilekile, na dira yake ndogo ya kibla aliiweka dirishani, karibu na chungu cha tulsi. Mmea ule ni mtakatifu kwa Wahindu, ila Sheikha aliuita kivumbasi, jani la kufukuzia mbu, makusudi, ili bibi apandishe hasira. Wakati wa sala Bi Usha aliizima televisheni mwenyewe, hata kama tamthilia yake ilikuwa imefika patamu. Na jioni, mambo yote yakishakwisha, alinyoosha mikono kama mtoto na kusema, "Haya, nilaze." Sheikha akamlaza.

Siku madaktari walipomrudisha nyumbani na kusema hawana tena la kumfanyia, Bi Usha alimketisha Sheikha akamwambia jambo. Kwao mtu hafii juu ya kitanda. Saa ikifika anashushwa chini, anatandikiwa shuka safi sakafuni, kichwa kinaelekezwa kaskazini, kisha anatiwa kinywani jani la tulsi na maji ya mto Ganga. Maji yake alikuwa nayo ndani ya kichungu cha shaba, yamezibwa tangu marehemu mumewe aliporudi nayo kutoka India. Hemant hakuyajua hayo. "Nimemlea kizungu," alisema Bi Usha, "kosa langu. Utanifanyia wewe." Sheikha alimwambia aache maneno ya kufa. Lakini aliahidi, maana hata kwao anayekata roho hutiwa maji kinywani, na hilo halikumwonekea geni.

Ahadi ikamfika asubuhi ya theluji, mwaka ule theluji ilipoyazuia mabasi yote ya London. Mlezi wa kumpokea Sheikha hakuweza kuja, kwa hiyo alikuwa bado yupo pale Bi Usha alipoanza kupumua kwa kuvuta. Alimpigia simu Hemant. Hemant akamwambia aite ambulance, na yeye anatoka sasa hivi. Sheikha alipotaka kupiga, Bi Usha alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu zilizomshangaza akatikisa kichwa.

"N'shushe chini," alisema.

Sheikha akaweka simu. Alitandika shuka safi. Akaangalia dira yake dirishani, akaona kaskazini inaangukia kati ya kabati na mlango, akalikalisha shuka mshazari. Kisha akampitisha mikono makwapani, akambeba, akamshusha polepole mpaka chini. Alimtia jani, akamdondoshea maji. Bi Usha akasema neno moja la mwisho, akaondoka. Sheikha alilia, akamchana nywele, ndipo akapiga simu ya ambulance.

Hemant aliingia na theluji viatuni, ametembea sehemu kubwa ya njia. Alimkuta mama yake sakafuni, mshazari katikati ya chumba, kitanda kitupu, mdomo una maji na jani. Alimuuliza Sheikha amefanya nini. Na Sheikha, kwa Kiingereza chake kisichosahihishwa, akamjibu hivi: "I put her down. I put her to sleep."

Alikuwa anatafsiri, maskini, neno kwa neno. Nilimshusha, nikamlaza. Asichojua ni kwamba kwa Kiingereza maneno hayo, yote mawili, ndiyo wanayosema mbwa mzee anapopelekwa kwa daktari wa wanyama achomwe sindano ya kufa. Hemant akarudi nyuma mpaka ukutani. Akawaita polisi.

Kituoni Sheikha aliulizwa kama anataka mkalimani. Alichukia. Alisema anaishi nchi hii miaka, analipa kodi nchi hii, Kiingereza chake kinatosha. Wakili pia alimkataa, akidhani wakili ni wa mtu mwenye cha kuficha. Wakamuuliza tena alimfanya nini yule bibi, naye akawarudishia kwa sauti ya wazi, akitamka herufi zote: I put her down, I put her to sleep, she ask me. Kila kitu kikarekodiwa. Uchunguzi wa maiti ulipotoka ukawaongezea: michubuko mikubwa makwapani na mikononi, jani nyuma ya ulimi, maji kooni. Na ambulance aliyoagizwa kuita hakuiita mpaka bibi amekwisha kufa. Akashtakiwa kwa kuua.

Rumande alikonda. Aliogopa, na hapana haja ya kumpamba: aliogopa sana, akawaota binti zake wakizeeka bila yeye. Binti zake ndio waliomtafutia wakili, Njeri, mwanamke wa Kikenya mwenye ofisi hapohapo Stratford. Njeri alikuja na karatasi za mahojiano, akasoma kimya, akavua miwani.

"Mama Sheikha, hii 'put her to sleep,' kwa Kiswahili ulikuwa unasema nini?"

"Nilimlaza. We hujui kulaza?"

Njeri akaanza kucheka na machozi yakamtoka papo hapo, na Sheikha akamwona kama mwendawazimu. Alipoelezwa maana ya Kizungu ya maneno yale alimtaka Njeri ayarudie mara mbili. Kisha akasema kumbe amekuwa akiwaambia wazee wa watu maneno hayo kila jioni, nchi nzima hii, na hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Lakini neno peke yake lisingemtoa. Kulikuwa na michubuko, jani, maji, na ile simu isiyopigwa. Njeri aliulizauliza kwa Wahindi wa Edmonton mpaka akafikishwa kwa Daktari Pravin, mzee mfupi aliyekuwa akiishi na mwanawe. Kule India kazi ya maisha yake ilikuwa kupasua maiti na kusimama mahakamani katika kesi za mauaji. Aliona wake wachanga walioteketezwa jikoni na wakwe zao ikasemwa ni ajali, na aliona ajali za kweli zikamfunga mtu. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alipomtembelea Sheikha rumande alimwambia kuwa kama aliua atalisema hilo mahakamani bila haya, na Sheikha, ambaye hakupenda mtu mwoga, akampenda.

Kesi ilisikilizwa mbele ya jury, wale raia kumi na wawili, nao tangu mwanzo walimtazama Sheikha kwa macho ya kumkwepa. Mwendesha mashtaka alikuwa hodari, hapana ubishi. Aliwasikilizisha ule mkanda wa polisi mara mbili. Aliwaonyesha picha ya chumba: tazameni mwili ulivyokaa upande, alisema, ndivyo unavyokaa mwili uliovutwa kutoka kitandani. Daktari wake akaieleza michubuko kuwa ni ya mikono iliyokamata kwa nguvu. Hemant naye alitoa ushahidi wake, na alipofika kwenye maneno yale mawili ilimbidi ayaanze upya. Sheikha hakumchukia. Alimwona ni mtoto aliyefiwa na mama, basi.

Daktari Pravin alipanda kutoa ushahidi na kifaa chake cha kumsaidia kusikia, akakirekebisha taratibu mbele ya jaji mpaka watu wakaanza kujikohoza. Alisema katika mahakama alizozizoea, kesi isiyo na shahidi wa macho hupimwa hivi: kila jambo lithibitishwe kwanza lenyewe, kisha yote kwa pamoja yaelekee kwa mtu mmoja, na ibaki haiwezekani kabisa kuwa hana hatia. Ikibaki njia moja ya wema, mshtakiwa anapita hapo. Halafu akaomba ile picha.

Aliuliza mtu aliyeangushwa kutoka kitandani anaumia wapi. Akajibu mwenyewe kuwa anaumia anapotua, kwenye nyonga, kwenye bega, kwenye kisogo. Bibi huyu alikuwa na mifupa ya mzee na alikuwa akinywa dawa za kulainisha damu, za kumfanya achubuke hata kwa kushikwa vizuri. Kwenye kwapa alikoshikwa, amechubuka. Kwenye nyonga alikotua, hana alama hata moja. Hakuanguka, alisema, alishushwa. Jani lilikuwa zima, halikutafunwa wala kusukumwa, na fizi hazikuwa na mchubuko wa kidole. Maji yalikuwa matone, hayakufika mapafuni. Moyo wenyewe ulikuwa umefika mwisho wake, na hata daktari wa upande wa mashtaka aliliandika hilo.

Kisha akaomba mchoro wa chumba, ule waliouchora polisi. Akauliza ule mshale mdogo kwenye kona ya mchoro ni wa nini. Mwendesha mashtaka akasema ni mshale wa kaskazini, uko kwenye michoro yao yote. Daktari Pravin akachukua rula, akaiweka juu ya mwili uliochorwa, akaisogeza mpaka kwenye mshale. Vilikuwa sambamba. Akaeleza kwa sauti ileile ya kuchoka kuwa Wahindu humlaza anayekufa sakafuni, kichwa kaskazini, jani la tulsi na maji ya Ganga kinywani, na kwamba katika maisha yake hajamwona muuaji anayetandika shuka safi chini ya mtu wake, akatafuta kaskazini, akamchana na nywele. Sheikha aliwatazama jury. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameweka mkono kinywani.

Zamu yake ilipofika, Njeri alimwomba aseme kwa Kiswahili, mkalimani yupo. Hapo Sheikha alipata tabu kuliko rumande nzima. Kukubali kulikuwa kama kuwaambia watu wote kuwa Kiingereza chake kilikuwa bandia. Alifikiri juu ya binti zake waliokaa juu kule kwenye viti vya watazamaji, akameza kiburi chake, na kilikuwa kikubwa.

Aliulizwa alimfanya nini Bi Usha.

"Nilimshusha," alisema. "Nikamlaza."

Mkalimani akatafsiri kwa Kiingereza: nilimteremsha chini kwa upole, nikamnyoosha apumzike. Sheikha alitupa jicho walikokaa jamaa wa marehemu, akamwona Hemant ameinamisha kichwa magotini. Hakuhitaji mkalimani yule. Neno lile alilisikia kila usiku wa utoto wake, njoo nikulaze, kwa sauti ya mama yake, na mbele ya polisi alikuwa amelisahau.

Mwendesha mashtaka hakukubali kushindwa kirahisi. Akamuuliza kwa nini hakuita ambulance, na mwenye mama alimwagiza. Njeri alikuwa amemtayarishia jibu refu la sheria. Sheikha akaliacha.

"Nilikuwa na watu wawili," alisema. "Mmoja kwenye simu, mmoja amenishika mkono. Nikamsikiliza aliyekuwa akifa."

Akaulizwa kaskazini aliijuaje. Akasema kwa dira ya kibla, maana alikuwa akisali palepale, na Bi Usha akimzimia televisheni. Jaji akainua macho akauliza kama amesikia sawasawa, kwamba Mwislamu alitumia dira ya kuielekea Makka kumwelekeza Mhindu njia yake. Sheikha akamjibu kuwa dira ni ileile, Mheshimiwa, inategemea unakwenda wapi. Watu wakacheka, na hata mwendesha mashtaka akajishughulisha na karatasi zake.

Jury hawakukaa sana. Waliporudi, Sheikha alijishika kwenye ukingo wa kizimba. Mkuu wao akasimama akasema hana hatia, na Sheikha akalielewa lile Not Guilty bila kusubiri mkalimani. Juu kule wanawake wa Kizanzibari waliojaa siku zote za kesi wakapasua kigelegele ambacho jengo lile halijawahi kukisikia. Jaji akagonga meza akaamuru kimya, wakanyamaza, wakapokea tena alipotoka. Binti zake walimrukia mlangoni wakilia kwa Kiingereza na Kiswahili mchanganyiko. Njeri alipigwa mabusu mpaka wanja ukamtiririka. Daktari Pravin aliinua kofia yake akataka kujiondokea zake. Wakamkamata wakamwingiza kwenye picha zote. Sheikha alisimama juu ya ngazi, kifua mbele, akavuta hewa ya moshi wa magari akaiona tamu. Alisema kwa sauti, ili London nzima isikie, kuwa ameshinda.

Hemant alikuwa amesimama chini ya ngazi peke yake. Alipanda, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka akawa mbele yake. Kinywa kilimtetema kama mtu anayejaribu jino jipya.

"Shikamoo, dada," alisema.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili mbele za watu. Binti za Sheikha walitazamana. Sheikha aliitikia marahaba, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikawa ndogo. Hemant akamwomba radhi, kwa Kiswahili kibovu cha kusikitisha, na Sheikha, aliyeteswa na ulimi wake mwenyewe, hakumsahihisha hata neno moja. Kisha akauliza lile lililomleta. Mahakamani ilitajwa kuwa mama alisema kitu mwishoni, lakini hakikusemwa ni kitu gani.

Ni kweli hakikusemwa. Njeri alitaka kukitumia, akasema kitawalainisha jury. Sheikha alikataa katakata, na yuko hatarini kufungwa maisha alikataa, kwa sababu neno lile halikuwa lake wala la mahakama. Lilikuwa amana, na mwenye amana alikuwa hajaja kuichukua.

Sasa amekuja. Sheikha akamshika mikono yote miwili.

"Aliuliza, 'Hemant kala?'"

Hemant alilia pale ngazini mbele ya waandishi wa habari na polisi wa mlangoni, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Sheikha alimwacha amalize. Kisha akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, vilevile alivyowafuta wazee wake wote.

"Mama yako kakuuliza swali," alimwambia. "Mjibu."

Alihangaika kulitafuta neno, nalo likaja.

"Sijala," alisema Hemant.

Sheikha akamshika mkono, akawaita binti zake, Njeri na Daktari, akawaongoza wote kwenye treni ya Stratford, maana nyumbani biriani ilikuwa imeshapikwa tangu asubuhi, kabla mtu yeyote hajajua hukumu.